Adui Mwenye Kasi na Kauli ya Kutendua: Historia Fupi ya Mhusika wa Hadithi za Picha

Katika toleo hili tunawaletea wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, historia ya mhusika ambaye si wa fasihi ya Kiswahili, lakini ambaye wanafunzi wetu wengi wanamfahamu kuliko wanavyomfahamu Fumo Liyongo. Huyu ni yule adui wa hadithi za picha za Kimarekani anayekimbia kuliko macho yanavyoweza kufuata, aitwaye kwa Kiingereza Reverse-Flash. Ukifika Mbugangari, mjini Gisenyi, karibu na ule mpaka mdogo wa Goma uitwao Petite Barrière, utakuta Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa vikipishana sokoni tangu asubuhi. Mahali kama hapo hadithi ya kwenye filamu husimuliwa upya kwa lugha yoyote iliyo karibu na ulimi. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi zinazomfaa adui huyu kuliko lugha aliyozaliwa nayo, na kwamba mwalimu anaweza kuzitumia.

Tuanze na nasaba yake. Shujaa aitwaye Flash alitokea kwanza mwezi Januari 1940, katika kitabu cha Flash Comics namba 1, kilichoandikwa na Gardner Fox na kuchorwa na Harry Lampert. Baada ya vita vikuu vya pili mashujaa wa aina hiyo walipoteza soko, na vitabu vingi vikafungwa. Mwaka 1956, katika Showcase namba 4, Flash alifufuliwa akiwa mtu mwingine kabisa: Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi, aliyepigwa na radi akiwa kati ya chupa za kemikali. Miaka saba baadaye, Septemba 1963, mwandishi John Broome na mchoraji Carmine Infantino walimletea mpinzani wa kasi sawa na yake. Hiyo ilikuwa The Flash namba 139.

Kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa. Watu wa karne ya 20 wanafungasha vitu vya zama zao katika chombo na kukipeleka wakati ujao, ili vizazi vya mbele vijue waliishi vipi. Ndani yake limo vazi la Flash. Chombo kinafika karne ya 25 na kuangukia mikononi mwa mhalifu mmoja, ambaye kwa mashine yake anaikuza kasi iliyobaki katika nyuzi za vazi lile. Kisha anageuza rangi: palipokuwa pekundu anapafanya pa manjano, na palipokuwa pa manjano anapafanya pekundu. Anajiita Profesa Zoom. Angalieni kwamba uwezo wake hakuzaliwa nao wala hakuupata kwa ajali kama mwenziwe. Aliupata katika kumbukumbu walizoziacha waliotangulia kwa nia njema. Zawadi ya kihistoria ndiyo iliyomtengeneza adui.

Jina lake ni somo tosha la tafsiri. Wafaransa wamemwita Néga-Flash, kwa mfano wa ile negativu ya picha ya zamani ambamo cheupe huonekana cheusi. Sisi tungesema nini? Pendekezo langu ni Flash Kinyume. Neno kinyume lina faida mbili. Kwanza, linabeba ukinzani pamoja na mgeuko. Pili, kinyume ni jina la mchezo wa maneno unaojulikana sana pwani, ambapo vijana hupindua silabi za maneno ili wakubwa wasielewe. Maneno yanabaki yale yale ila mpangilio umegeuka, na asiyezoea hupotea. Ndivyo alivyo mhusika huyu. Wapo watakaopendelea Flash Mgeuzo. Mimi sioni kama lina ladha.

Kuhusu mbio zenyewe, fasihi simulizi yetu haikumheshimu sana mwenye kasi. Katika kisa cha mashindano ya mbio, sungura hushindwa na kobe, ama kwa usingizi ama kwa hila ya kobe ya kuwapanga ndugu zake njiani. Hadithi zetu za picha nazo zilichagua njia nyingine. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu miongo mingi katika gazeti la Taifa Leo la Kenya, anachekesha kwa ujinga wake, na Kingo wa James Gayo wa Tanzania ni mtu wa mtaani. Hata Lance Spearman, yule mpelelezi wa hadithi za picha za kupigwa kwa kamera aliyesomwa sana Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, alipambana na maadui waliokimbia kwa motokaa. Adui mwenye kasi ya radi ni mgeni kwetu, na mgeni huyu aliingia zaidi kupitia televisheni, hasa tamthilia ya The Flash iliyorushwa Marekani kuanzia 2014 hadi 2023.

Aidha, historia yake haikuishia 1963. Katika namba 275 ya mwaka 1979, Iris, mke wa Barry, aliuawa, na ikaja kubainika kuwa muuaji ni yeye. Mwaka 1983, katika namba 324, alipokuwa anakaribia kumwua mchumba mpya wa Barry, Flash alimkamata na kumvunja shingo. Shujaa akashtakiwa kwa mauaji, na kesi ikaendelea toleo baada ya toleo hadi kitabu kilipofungwa kwa namba 350 mwaka 1985. Watazamaji wa filamu mitaani wana kanuni yao kwamba steringi hafi. Waandishi wa Marekani wameongeza kanuni ya pili, kwamba adui naye hafi, kwani huyu alirudi.

Kurudi kwake ndiko kulikoleta badiliko kubwa. Mwaka 1993 Mark Waid aliandika kwamba mtu huyu, Eobard Thawne kwa jina lake halisi, hapo awali alikuwa mpenzi mkubwa wa Flash, aliyesoma kila kitu kumhusu na kutamani kuwa yeye. Aliposafiri kurudi karne ya 20 ili amwone, akakuta katika jumba la makumbusho kwamba historia imekwisha kumwandika kuwa adui, na kwamba atakufa kwa mkono wa yule anayempenda. Akili yake ikavurugika. Kwa maoni yangu hapa ndipo mwizi wa 1963 alipopata uzito. Kisha Geoff Johns, katika hadithi zilizochapishwa kati ya 2009 na 2011, akamfanya arudi nyuma na kumuua Nora, mama yake Barry, Barry angali mtoto.

Sasa tuje kwenye sarufi. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua; ziba, zibua; tega, tegua; choma, chomoa. Kwa mnyambuliko mmoja tendo lililofanyika linarudishwa lilikotoka. Thawne ni kauli ya kutendua iliyovaa viatu. Lakini mwanafunzi akifanya zoezi kwa makini atagundua kwamba si kila kitenzi kinakubali. Kuzaa hakuna tendua yake. Kuua pia hakuna, wala kusema. Fufua ina umbo la kutendua, lakini mtafutie kitenzi fufa hutampata. Katika Flashpoint ya 2011, Barry mwenyewe alirudi nyuma kumwokoa mama yake, na dunia nzima ikaharibika, mataifa yakaingia vitani. Kwa hiyo uharibifu mkubwa kuliko wote ulifanywa na shujaa, kwa mapenzi ya mtoto kwa mamaye. Swali la nani hasa ni adui hapo linakuwa gumu, na ni swali zuri la insha.

Hapa Gisenyi swali la adui wa kuchorwa haliwezi kupitwa bila neno. Mwaka 1990 Hassan Ngeze, mtu wa mji huu, alianzisha gazeti la Kangura, lililotoa maandishi na michoro ya chuki. Jalada la namba 26, la mwisho wa mwaka 1991, lilibeba picha ya panga kando ya picha ya Rais Kayibanda. Adui wa gazeti hilo hakuwa mtu mmoja mwenye jina na matendo yake. Alikuwa Mtutsi yeyote, kwa kuzaliwa tu. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia Ngeze hatiani tarehe 3 Desemba 2003, na rufaa ya 28 Novemba 2007 ikaweka kifungo cha miaka 35. Sifananishi msiba na mchezo. Nasema tu kwamba mwalimu anayewaambia wanafunzi wachore adui awaulize kwanza: amefanya nini, na alichagua lini?

Zipo kalamu zilizojibu. Rupert Bazambanza, Mnyarwanda aliyenusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, aliwachora majirani waliouawa ili majina yao yasomwe. Pat Masioni, mchoraji kutoka Kongo, alichora Rwanda 1994, iliyoanza kutoka mwaka 2005. Baadaye alichora sehemu ya Unknown Soldier, hadithi ya vita vya kaskazini mwa Uganda iliyotolewa na kampuni ile ile ya DC inayommiliki Flash na adui wake.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, walimu wamekuwa wakitafuta visa vya kufundishia ambavyo wanafunzi wenyewe wana hamu navyo. Kwa somo la masharti, kisa cha Nora kinatosha kipindi kizima: kama Thawne asingalimuua Nora, Barry asingalirudi nyuma. Waache waendelee mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiongeza sentensi. Kwa msamiati, walinganishe kasi, mbio, upesi, haraka na wepesi. Wale wenye jamaa Goma watasema kwamba huko mtu huja mbio hata akiwa ameketi ndani ya basi. Wasikosolewe haraka, waulizwe neno mbio limesafiri vipi kutoka miguuni hadi kwenye magurudumu.