Tiara, upepo wa Mtumba na kiwanja cha bure

SEHEMU YA 5

Tunaendelea na michezo ya watoto na historia yake, na leo ni zamu ya tiara. Wengine mnaiita kishada, ni kitu kilekile. Leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo laza mtoto kwanza ndiyo urudi.

Tuanze na jina. Tiara ni neno la Kiarabu, maana yake kitu kinachoruka, na mpaka leo Waarabu wengi wanatumia neno hilohilo kwa ndege ya abiria. Tiara yenyewe asili yake ni China, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwenye mianzi myepesi na hariri, na baadaye karatasi. Ikasambaa Asia nzima. Wahindi wanaiita patang. Neno letu sisi limevuka bahari, na ukifikiria majahazi yaliyokuwa yakisukumwa na Kaskazi na Kusi, unaona kabisa kwamba mchezo wa upepo umepita njia ya upepo.

Mtoto wa pwani anaiunda kwa chelewa, vile vijiti vya ufagio wa mnazi, karatasi, na uji mzito ndiyo gundi. Sisi wa huku katikati minazi hatuna, lakini tuna mtama na uwele. Ganda la bua kavu ni jepesi na linapinda bila kukatika. Kuna kipindi mfuko wa rambo ndio ulikuwa mfalme wa tiara, mpaka tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Mbuzi wamepona, karatasi za daftari ndiyo zimeanza kuteseka.

Msiione tiara ni kitu cha kitoto tu. Mwaka 1848, kwenye korongo la Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, mainjinia walitaka kujenga daraja la kuning'inia na hawakuwa na namna ya kuvusha kamba ya kwanza. Chini maji yanachemka, hakuna boti inayopita hapo. Wakatangaza zawadi ya dola chache kwa atakayevusha uzi kwa tiara. Kijana mmoja, Homan Walsh, umri wake kama miaka 16, akaenda upande wa Kanada akarusha tiara yake. Uzi ukakatwa na barafu, naye akakwama huko siku kadhaa kwa sababu kivuko kilisimama. Akaitengeneza, akarudia, ikafika. Uzi ukavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ikavuta nene, mwisho wakavuta waya wa chuma. Msimulieni huyo mtoto anayesema hisabati na upepo havihusiani.

Sasa tufike kwenye tamasha, maana ndilo hasa lililonifanya niandike.

Huko Austin, jimbo la Texas, kuna tamasha la tiara lililoanza mwaka 1929, na linahesabiwa kuwa miongoni mwa matamasha ya tiara yaliyodumu muda mrefu kuliko yote Marekani. Hufanyika kwenye bustani ya jiji inayoitwa Zilker Park. Kuingia ni bure. Lilianzishwa na klabu ya watu wa kujitolea ili watoto watumie akili na mikono yao kuunda vitu. Huo ndio mwaka ambao uchumi wa Marekani ulianguka, na miaka iliyofuata familia nyingi hazikuwa na kitu. Lakini karatasi na vijiti haviishi, na upepo hauna risiti.

Nikajiuliza, inawezekanaje kitu kiwe bure karibu miaka 100? Jibu liko kwenye ardhi. Bwana Andrew Jackson Zilker, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kutengeneza barafu, alianza mwaka 1917 kutoa ardhi yake, na mwaka 1931 akaongeza nyingine. Masharti yake yalifanya pesa za jiji ziende kwenye shule za umma, kufundishia watoto kazi za mikono. Akaacha uwanja mpana katikati ya mji. Kama asingefanya hivyo, leo pale pangekuwa na nyumba na fensi, na tamasha lingekuwa ukumbini kwa kiingilio.

Lakini hapo kwenye neno "bure" kuna shimo, na nisingependa tuliruke. Mwaka 1928, mwaka mmoja tu kabla ya tamasha kuanza, jiji lilipitisha mpango uliosukuma watu weusi wote wahamie mashariki ya mji. Mbinu ilikuwa rahisi: shule zao na bustani zao zinawekwa upande huo tu, utahama mwenyewe. Lile bwawa maarufu la kuogelea lililomo ndani ya Zilker Park lilikuwa la weupe mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi weusi walipoingia majini kwa kupinga. Kwa hiyo kuna mama aliyeishi mji huohuo, chini ya upepo uleule, na geti halikuwa na bei lakini halikuwa lake.

Msidhani hayo ni ya Texas peke yake. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam, ile yenye mnara wa Mwenge wa Uhuru, unajua kwa nini pale pakawa wazi? Wakoloni walitaka ukanda mtupu utenganishe Wazungu na Wahindi upande mmoja na Waafrika wa Kariakoo upande mwingine. Sababu waliyoiandika ni afya. Eti magonjwa yasivuke. Mimi ni nesi na nasema wazi: mbu hasomi ramani. Kilichonifurahisha ni kilichotokea baadaye. Uwanja uliotengwa ili watu wasikutane ndio TANU ikautumia kuwakutanisha kwenye mikutano ya hadhara miaka ya 1950. Uwanja mtupu una tabia hiyo, ukishauacha wazi huwezi kuamua nani ataupenda.

Tukija upande wa India, Gujarat ndiyo baba lao. Kila tarehe 14 Januari, sikukuu ya Uttarayan, watu wanapanda juu ya mapaa na anga la Ahmedabad linajaa rangi, na tangu 1989 lipo tamasha la kimataifa. Tatizo lao ni ushindani wa kukatana nyuzi. Uzi unapakwa unga wa vioo, siku hizi kuna na wa nailoni usiokatika, na kila mwaka watu wa pikipiki wanakatwa shingo, na ndege wanaumia mabawa. Mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku uzi wa nailoni nchi nzima. Lahore, Pakistan, waliizuia kabisa sherehe yao ya Basant kwa miaka mingi kwa sababu ya vifo. Mchezo uleule! Tofauti ni uzi, na mahali unaposimama. Juu ya paa na katikati ya bodaboda ni hatari. Uwanjani ni mchezo.

Turudi nyumbani. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, CDA ikaundwa mwaka huohuo, na mpango mkuu wa mji ukatoka 1976. Wataalamu walioandika walikuwa wa Kanada, lakini wazo lilikuwa la kwetu: mji wa makazi yaliyotawanyika, yenye kijani na nafasi katikati, mji wa mtu anayetembea kwa miguu. CDA ilivunjwa 2017, Dodoma ikatangazwa jiji 2018, na Aprili 2019 majengo ya kwanza ya wizara hapa Mtumba yakazinduliwa. Palipokuwa na mashamba ya uwele na vichaka leo kuna lami, na kila Jumamosi unasikia mtu anaonyeshwa kiwanja.

Na hapa ndipo roho inaniuma. Ramani ya mtaa mpya huwa na vipande vilivyoandikwa eneo la wazi. Ukipita baada ya miaka miwili mitatu unakuta kwanza tofali zimepangwa, kisha kibanda cha chipsi, kisha fremu tatu, na ukiuliza unaambiwa "pale palikuwa hapatumiki". Palikuwa panatumika, jamani. Watoto ndio waliokuwa wanapatumia, ila mtoto hana hati. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Nawaona kliniki wanaoletwa wakiwa wazito kuliko umri, mama anaambiwa mtoto acheze nje, na mama ananiuliza swali la haki kabisa: nje wapi, nesi?

Swali hilo lina mahali pa kupelekwa. Ramani ya mipango miji ya mtaa wako unaweza kuiomba kuiona ofisi ya jiji, na mwenyekiti wa mtaa analazimika kuitisha mkutano mkuu. Nendeni hata watano mkaulize kipande cha wazi kiko wapi na kina ukubwa gani, kabla tofali la kwanza halijafika. Baba nao waje, wasituachie sisi tu.

Wakati tunasubiri, msimu ndio huu unakuja. Juni shule zinafungwa na upepo wa kiangazi unaanza kutembea, na uwanda wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hakuna mlima karibu wa kuuzuia. Tafuteni kiwanja kisicho na nyaya za TANESCO. Tiara ikinasa kwenye waya, iacheni hapohapo, msiikokote kwa mti wala kwa chuma. Uzi uwe wa pamba, na mtoto asiuzungushe kidoleni, maana ukivutwa unakata. Mawingu ya radi yakionekana, shusheni.

Sehemu ya 6 nitaweka vipimo vya kuunda tiara kwa mabua, hatua kwa hatua, na picha. Hapo chini niandikieni jina la mtaa wenu na kama kiwanja cha wazi bado kipo, nataka nihesabu.