Safu ya lugha: Gatuzi na ugatuzi

Kitenzi ni gatua: kuondoa madaraka makao makuu na kuyapeleka mashinani. Tanzania husema ugatuaji. Kenya, tangu Katiba ya 2010, imezoea ugatuzi. Magazeti nayo yakazaa gatuzi, kwa maana ya kaunti.

Tutenganishe. Kaunti ni eneo lenye serikali: gavana na bunge la wawakilishi wadi. Kitui ina wadi 40, Makueni 30. Ugatuzi ni kitendo cha kumfikishia mkazi madaraka na huduma, kama vile zahanati, maji na shule za chekechea.

Makueni wamelipa neno hili uzito. Mikutano ya kuchagua miradi huanzia kijijini, kisha hupanda hadi wadi na kaunti ndogo. Wakazi huchagua kamati ya kusimamia mradi, nayo hukagua kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Hapo mamlaka yamegatuliwa kweli.

Kwa hiyo mwandishi, andika "Kaunti ya Kitui". Neno ugatuzi liwekee mamlaka yaliyomfikia mwananchi. Nawe mkazi, baraza la bajeti likiitishwa, hudhuria: bila wewe, hakuna kilichogatuliwa.