Kazi ya Mtu Mwenyewe: Faida na Hasara Zake, Kama Historia ya Goma Inavyotufundisha

Liko swali ambalo vijana wa parokia zetu huuliza kila wanapomaliza shule: Je, ni heri kutafuta bwana wa kumtumikia na kupokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi, ama ni heri mtu ajifanyie kazi yake mwenyewe, awe bwana na mtumishi pamoja? Hapa Himbi majibu si haba. Mzee aliyepata kuwa karani husifu kalamu na meza. Mama aliyelea watoto kwa kuuza sambaza husifu beseni lake. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Afadhali basi tuiulize historia, kwa kuwa yenyewe haina duka wala ofisi ya kutetea. Mji wetu wa Goma umejaribu njia zote mbili, na katika zote mbili umepata kucheka na kulia.

ZAMANI ZA WABELGIJI

Wazee wetu wa kale hawakujua mshahara. Mtu alikuwa mlimaji, mfugaji, mvuvi wa ziwa Kivu ama mfua chuma, na riziki yake ilitoka katika kazi hiyo pamoja na ndugu zake. Tusidhani lakini kwamba walikuwa huru kabisa. Walimtolea mwami sehemu ya mavuno, na njaa ilipokuja hapakuwa na mtu wa kushtakiwa.

Serikali ya Wabelgiji ilileta mambo mapya. Mwaka 1928 iliundwa kamati iliyoitwa Comité National du Kivu, ikapewa madaraka juu ya ardhi nyingi ya nchi yetu ili kuwagawia walowezi. Hao wakapanda kahawa, chai na pareto, na mashamba yao yakahitaji mikono ya watu. Sheria ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mapatano ya kazi iliruhusu Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya muda wake atozwe faini, hata afungwe. Naye aliyebaki kijijini hakuachwa atumie jembe lake kama apendavyo. Alilazimishwa kulima mazao ya amri hata siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120.

Twaona basi kwamba mtu wa mshahara alifungwa na mapatano, na mtu wa shamba lake alifungwa na amri. Lakini yule wa mshahara, hasa katika makampuni makubwa, alipata posho, nyumba, na dawa kwa jamaa yake. Karani na kapita wakaonekana watu wenye heshima. Ndipo neno "kazi" lilipoanza kupungua maana, likawa ni kuandikwa na mwajiri tu. Hata leo, ukimwuliza mama aliyekaa sokoni tangu alfajiri hufanya kazi gani, yamkini atakujibu: "Sina kazi, nauza-uza tu." Ajabu hiyo! Anawasomesha watoto, anamlisha mume, na bado asema hana kazi.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, mawazo hayo yaliendelea. Tarehe 29 Juni 1961 iliundwa idara ya taifa ya akiba ya wafanyakazi, ile iliyojulikana kwa herufi INSS, ili mtu akizeeka ama akiumia kazini apate msaada. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini ilijengwa kwa ajili ya wenye mwajiri. Mvuvi, fundi wa viatu na mama wa soko walibaki nje ya mlango.

MSHAHARA ULIPOANGUKA

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatiwe mikononi mwa wananchi. Maneno yalikuwa matamu masikioni. Lakini wengi waliopewa mali hizo hawakuijua kazi yake, ama hawakuipenda. Bidhaa ziliisha dukani bila kurudishwa, mashamba yakaota magugu, na wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hapo twajifunza neno moja: kupewa duka si kuwa mfanya biashara. Aliyepata mali bila kuitolea jasho hula mpaka mbegu.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Mwezi wa Septemba 1991 askari walioona mshahara wao si kitu waliteka maduka katika Kinshasa na miji mingine mingi. Januari 1993 wakarudia Kinshasa, kwa kuwa walilipwa noti za zaire milioni 5 ambazo wachuuzi walikataa kuzipokea. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo fedha mpya ilitolewa, na zaire 3,000,000 za zamani zikabadilishwa kwa moja mpya. Fikirini mtu aliyeweka akiba miaka 30 ili ale uzeeni! Walimu nao waliachwa hivi hivi, hata tangu mwaka 1992 wazazi wakaanza kuwachangia ili shule zisife.

Katika taabu hiyo watu walitania wakisema wanaishi kwa "Artiki 15", maana yake: jitafutie mwenyewe. Na kweli walijitafutia. Hapa kwetu twaijua chukudu, baiskeli ile ya mti isiyo na kanyagio, yenye magurudumu yaliyovikwa mpira wa matairi ya zamani. Wengi husimulia kwamba ilienea katika miaka ya 1970. Seremala huichonga kwa shoka na panga, na kijana mwenye nguvu huteremka nayo kutoka milimani akileta viazi, kabichi na makala, mzigo ambao ungehitaji watu wengi kuubeba. Mwaka 2009 sanamu yake yenye rangi ya dhahabu ilisimamishwa mjini Goma. Si miji mingi iliyomjengea sanamu mtu anayesukuma mzigo.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ya kazi ya mtu mwenyewe ni kwamba mtu hawezi kufukuzwa katika ufundi alio nao mikononi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Uliangamiza maduka, ofisi, na hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu zaidi ya 100,000 walikosa makao. Lakini baada ya siku chache wengi walirudi, mawe yangali na joto. Aliyemtegemea mwajiri alingoja mwajiri wake ajenge tena. Mwashi, seremala na muuza chakula hawakungoja, maana mji mzima uliwahitaji. Hata mawe yale yaliyotuunguza yakawa riziki: watu waliyavunja na kuyauza, nasi tukajengea kuta zetu.

Faida ya pili ni kwamba riziki yake haitoki katika mlango mmoja. Tangu mwaka 1994, walipofika wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu, mashirika ya msaada yalijaa Goma, na vijana wetu wengi walipata humo mishahara mizuri, kama walinzi, madereva, makarani na wauguzi. Lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi, na mwisho wa mwezi ule ule wapiganaji wa M23 waliuteka mji. Mabenki yalifunga milango. Watu wengi waliandikiwa barua za kuachishwa kazi, na wengine walikuwa na fedha benki wasiweze kuzishika. Mshahara uliodhaniwa kuwa mwamba ukaonekana kuwa mchanga.

Faida ya tatu huonekana nyumbani. Mtoto wa fundi hujifunza ufundi akimtazama baba yake, kama Bwana wetu alivyojifunza Nazareti. Na mwenye kazi yake haombi ruhusa kwenda kumzika jirani.

HASARA ZAKE

Hata hivyo tusiwadanganye vijana. Hasara ya kwanza ni nzito kuliko zote: asiye na mwajiri huangukiwa na kila msiba peke yake. Machi 2020 mpaka wa Rwanda ulifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na akina mama waliokuwa wakivuka kila siku pale Petite Barrière kuuza na kununua walikosa chakula cha jioni hiyo hiyo. Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na tarehe 27 mitaa 10 ya mji iliamriwa kuhama. Muuza nyanya hawezi kuziacha nyanya zake wiki mbili akazikuta nzima. Tena tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiiona kutoka ufukoni. Makumi ya watu walikufa, na miongoni mwa abiria walikuwamo wachuuzi. Walipanda mashua iliyojaa kupita kiasi kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara, na asiyesafiri hali. Mungu awapumzishe kwa amani.

Hasara ya pili ni ugonjwa na uzee. Msukuma chukudu aliyevunjika mguu hana barua ya kumpelekea mtu. Nguvu za kijana ndizo mtaji wake, nazo hupungua kila mwaka bila kuaga.

Hasara ya tatu: wapo wadhaniao kwamba mwenye kazi yake hana bwana. Kumbe anao wengi! Mwenye kumkopesha kwa riba ni bwana. Mwenye nyumba ya duka ni bwana. Mtoza ushuru ni bwana, na baada yake huja mwingine bila risiti. Sheria ya mwaka 1990 iliwahifadhia wananchi biashara ndogo, kwa kulipa patenti, lakini patenti haimlindi mtu na kila mkono unaonyoshwa njiani. Na mwanamke aliyeolewa alikuwa na mzigo zaidi, maana sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka apate idhini ya mumewe kwa mapatano ya kisheria. Jambo hilo lilirekebishwa mwaka 2016 tu, ijapokuwa tangu zamani ni yeye aliyekuwa akilisha nyumba.

Hasara ya nne yahusu roho. Mwajiri mbaya hukunyima Jumapili, lakini hapa mtu hujinyima Jumapili mwenyewe. Huanza kwa kusema "wiki hii tu". Mwingine hutia karatasi chini ya kopo la kupimia maharagwe. Mwingine humwacha binti yake auze barabarani wakati wenzake wako darasani. Hao hawakuamriwa na bwana yeyote. Hofu ya kesho ndiyo iliyowaamuru.

TUSHIKE NJIA GANI?

Mtakatifu Paulo alikuwa fundi wa mahema. Alipofika Korintho hakukaa kivulini kungoja kulishwa, alifanya kazi kwa mikono yake. Lakini angalieni: alifanya kazi nyumbani kwa Akila na Prisila, waliokuwa na ufundi ule ule. Alijitegemea, wala hakuwa peke yake. Naye Papa Leo XIII, katika waraka wake wa tarehe 15 Mei 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mshahara wa haki umwezeshe mtu kuweka akiba na kupata mali kidogo iliyo yake, tena akatetea haki ya wafanyakazi kuungana katika vyama. Kwa hiyo mshahara na kazi ya mtu mwenyewe si maadui. Mshahara wa leo waweza kuwa mtaji wa kesho.

Historia ya Goma yasema neno hilo hilo. Hasara karibu zote tulizozitaja zina mzizi mmoja, nao ni upweke. Kijana, ukichagua kazi yako mwenyewe, shika mashauri haya. Jifunze kwanza ufundi chini ya mtu anayeujua, ukumbuke mashamba yaliyoota magugu. Tenga mtaji na chakula, usile mbegu. Ingia katika likelemba ya watu waaminifu, yenye daftari lililoandikwa wazi, na kisanduku cha pili kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Fedha ikifungiwa benki, ama mguu ukivunjika, wenzako ndio watakaokuwa pensheni yako. Ushike Jumapili, kwa maana siku hiyo hukukumbusha kwamba riziki haikutoka mikononi mwako tu.

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka tarehe Mosi Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yeye ni msimamizi wa Kanisa letu Kuu, lile lililoungua. Tumwombee kwake kila mwenye karakana, beseni, chukudu na meza ya sokoni.

Na neno moja la mwisho. Kazi yako ikibarikiwa, itafika siku utakapomwita kijana akusaidie. Siku hiyo umekuwa mwajiri. Wakumbuke wale wa Injili waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja ya jioni kwa kuwa hakuna aliyewaajiri, na jinsi mwenye shamba alivyowalipa. Yeye hakuwauliza walikuwa wapi asubuhi ili awapunje. Aliwapa cha kuwatosha kurudi nacho nyumbani.