Sharti la Jini: Msomaji na Hukumu Yake katika Hadithi ya Mfululizo

Hadithi ya mfululizo hutolewa kwa vipande, na kila kipande hukatwa pale ambapo msomaji asingependa kikatwe. Katika magazeti ya Kiswahili ina alama zinazotambuliwa hata na mtu asiyeifuatilia: juu ya safu huandikwa "Ilipoishia wiki iliyopita", inafuata "Sasa endelea", na chini kabisa "Itaendelea". Miongoni mwa aina zake, inayoshika wasomaji kwa nguvu ni ile ya mapenzi yaliyochanganywa na maajabu. Kijana anaoa mke bila kujua asili yake, na mke huyo ni jini. Mwanamke haolewi kwa kuwa jini mahaba amemfanya wake. Wachumba wanatenganishwa na agano ambalo wazee wao waliliweka na mizimu kabla wao hawajazaliwa. Swali la makala hii ni moja: msomaji anapomaliza sehemu ya hadithi ya namna hiyo na kutoa maoni yake, anahukumu nini hasa? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba hayahukumu maajabu, kwa maana hayo ameshayakubali tangu sehemu ya kwanza. Anahukumu kama mtunzi ameyaheshimu masharti aliyoyaweka mwenyewe.

Fasihi ya Kiswahili haikuanza kuijua hukumu hii kwa magazeti. Alfu Lela Ulela, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1929 katika tafsiri ya Edwin Brenn na Frederick Johnson, imejengwa juu ya mfululizo. Shahrazadi, msimulizi wake, anakatiza kisa alfajiri, na mfalme hamuui kwa sababu anataka kusikia kilichobaki. Huyo mfalme ndiye msomaji wa mfululizo kwa sura iliyo kali kupita zote: maoni yake juu ya kila sehemu ni uhai au kifo cha msimulizi. Shaaban Robert alichota kisa kimoja cha hazina hiyo akakiumba upya katika Adili na Nduguze (1952). Kila usiku Adili anawachapa viboko manyani wawili ambao kwa kweli ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa usaliti wao. Adili hapendi kazi hiyo, lakini sharti ni sharti, na akikosa kulitimiza adhabu itamwangukia yeye. Mfalme Rai anapotaka mateso yale yakome, njia ni kumwomba Huria aliondoe sharti lake. Haliwezi kupuuzwa tu. Msomaji aliyelelewa na visa kama hivi anajua kwamba jini anaweza kila kitu isipokuwa kuvunja neno bila gharama.

Magazeti ya wiki yaliyofurika Tanzania baada ya soko la habari kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuta msomaji huyo yupo tayari. Jina lililotawala uwanja ni la Eric Shigongo na kampuni yake ya Global Publishers, iliyotoa magazeti kama Uwazi, Ijumaa na Risasi. Hadithi zake, mfano Rais Anampenda Mke Wangu, zilisubiriwa wiki hadi wiki na baadhi zikatoka baadaye kama vitabu. Mtafiti Uta Reuster-Jahn aliziandikia uchunguzi katika jarida la Swahili Forum mwaka 2008, pamoja na mahojiano na mwandishi mwenyewe. Wahakiki wengi wa nyumbani walizipita kando wakiziita riwaya pendwa, kana kwamba kupendwa ni kasoro inayomaliza mjadala. Filamu za video nazo zilifuata mkondo huohuo. Shumileta ya Mussa Banzi, ya katikati ya miaka ya 2000, ilimweka jini wa kike katikati ya mapenzi ya binadamu, na kwa desturi ya soko la wakati ule filamu nyingi ziliuzwa sehemu ya kwanza na ya pili, ili anayetaka kujua mwisho anunue mara mbili.

Mahali panapofaa kuitazama hukumu ya msomaji ni mbali na pwani, ambako nyingi ya hadithi hizi zimewekwa. Mlandege, kata ya Manispaa ya Iringa yenye soko lake, iko umbali wa takribani kilomita 500 kutoka Dar es Salaam kwa barabara inayopita Morogoro na Mikumi kabla ya kuupanda mlima Kitonga. Katika mji wa namna hiyo gazeti la hadithi halisomwi na mnunuzi peke yake. Nakala moja hukaa kwenye saluni au kwa fundi cherehani, ikapokewa na jirani, na anayekuja mwisho huwa ameshasimuliwa nusu yake. Kwa hiyo maoni hayatoki kwa mtu mmoja aliyejifungia na ukurasa. Hutoka katika mazungumzo, na mtu aliyesoma kwa haraka husahihishwa na aliyesoma kwa makini. Wapo pia wanafunzi wa vyuo vya mji huo, kikiwemo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichoanzishwa mwaka 2005, ambao mchana husoma nadharia za riwaya na jioni hufuata hadithi ileile inayofuatwa sokoni. (Haifahamiki kwa nini shughuli hizi mbili zihesabiwe kuwa hazihusiani.)

Umbali na pwani una maana nyingine iliyo kubwa zaidi. Kwa msomaji wa Tanga au Unguja, jini ni kiumbe anayetajwa katika Kurani na katika maisha ya mtaa. Sheria zake zinajulikana kabla mtunzi hajafungua mdomo. Iringa ina Waislamu wake wanaomjua jini kwa njia hiyohiyo, lakini kwa wenyeji wengi wa nyanda za juu elimu ya ghaibu waliyorithi ni ya matambiko na masoka, mizimu ya wahenga katika Kihehe. Mzimu wa babu una ukoo na kaburi, na madai yake yanaeleweka. Jini wa gazetini anaingia kama mgeni kutoka pwani: mrembo, tajiri, hana ukoo, na hakuna mzee anayeweza kueleza anataka nini. Msomaji wa aina hii hana pa kuyatoa masharti ya jini isipokuwa ndani ya hadithi yenyewe. Ndiyo maana anayashika kwa bidii. Ikiwa sehemu ya tatu ilisema mume asimwangalie mkewe akioga, basi mpaka sehemu ya ishirini kuna watu wanaoukumbuka mlango wa bafu kuliko mtunzi anavyoukumbuka.

Mfano wa kubuni unatosha kuonyesha jinsi hukumu inavyofanya kazi. Tuseme jini amempa kijana mali kwa sharti kwamba asiape kwa jina la mwanamke mwingine. Katika sehemu ya kumi kijana anaapa, kwa hasira, mbele ya mchumba wake wa zamani. Sehemu ya kumi na moja inaanza, na mali ipo, jini anatabasamu, hadithi inasonga. Hakuna msomaji atakayelalamika kwamba majini hawapo au kwamba dhahabu haiwezi kuota chini ya kitanda. Lalamiko litakuwa kwamba kiapo kimepita bure. Mtunzi mwerevu hulijibu katika sehemu ya kumi na tatu kwa kufichua kwamba tabasamu lile lilikuwa mwanzo wa adhabu, na wasomaji humsamehe hata wakishuku kwamba hakuwa amelipanga. Vivyo hivyo kwa moyo wa wahusika. Binti aliyeoneshwa kwa miezi kuwa mwenye msimamo hawezi kurudi kwa aliyemsaliti kwa sababu tu mtunzi anahitaji harusi.

Wolfgang Iser, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi nchini Ujerumani, aliona kwamba wasomaji wa karne ya 19 mara nyingi waliipenda riwaya ikitoka kwa vipande kuliko ikiwa kitabu kizima. Sababu aliyoitoa ni pengo: kusimama kwa hadithi humlazimisha msomaji kujaza mwenyewe kinachokuja. Maelezo hayo yanafaa, ila yanamfikiria msomaji mmoja na ukurasa wake. Pengo la wiki nzima katika mtaa hujazwa na watu wengi wanaobishana, na wakati sehemu mpya inafika, mtunzi anakuta matoleo kadhaa ya hadithi yake yameshatungwa na kushindanishwa. Sehemu iliyo dhaifu kuliko lile lililokisiwa sokoni huanguka hata kama imeandikwa vizuri.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba haya yote si uhakiki bali ni arosto, hamu ya mtu aliyekatiziwa utamu. Na ni kweli kwamba maoni mengi hayazidi "shusha vitu" na "usituache hapo". Tangu hadithi zilipohamia kwenye simu, ambako mtunzi hutoa sehemu za mwanzo bure kisha huomba malipo kwa zilizobaki, hamu hiyo imekuwa bidhaa, na mtunzi ana faida ya kuirefusha. Lakini hapo ndipo hukumu inapojionesha. Msomaji mwenye arosto tupu angekubali chochote mradi kiendelee. Msomaji wa Kiswahili hakubali. Anajua hadithi inapovutwa, anatambua sehemu ambayo watu wamezungumza tu na hakuna kilichobadilika, na huacha kulipa.

Udhaifu wa msomaji huyu uko kwingine. Anapompenda mhusika kupita kiasi, yuko tayari kulivunja sharti analolilinda. Mpenzi akifa, humtaka mtunzi amrudishe, na katika hadithi ya maajabu jambo hilo ni rahisi mno: jini hushindwa nini? Mtunzi anayekubali huwafurahisha wengi kwa wiki moja na kuiharibu hadithi yote iliyobaki, kwa sababu baada ya hapo hakuna kifo kinachotisha na hakuna kiapo kizito. Hapa wasomaji hugawanyika, wapenzi wa mhusika upande mmoja na walinzi wa sharti upande wa pili, na mgawanyiko huo ndio mjadala wa kihakiki ulio hai kuliko mingi inayochapishwa majaridani. Riwaya za Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambazo nazo ni maajabu yenye mwendelezo, zimeandikiwa tasnifu nyingi. Lakini ni vigumu kumfikiria mtu aliyegombana na jirani juu ya riwaya hizo.

Tatizo la mtafiti ni ushahidi. Magazeti yenyewe yanaweza kupatikana, lakini maoni ya wasomaji yalikuwa katika barua ambazo ofisi hazikuzitunza, katika ujumbe mfupi wa simu zilizokwisha kuharibika, na katika maneno ya saluni ambayo hayakuandikwa popote. Idara za Kiswahili za vyuo vya Iringa zina wanafunzi wanaoishi katikati ya wasomaji hawa. Ziwatume wakayakusanye maoni hayo, pamoja na nakala za hadithi zenyewe, wakati waliozifuata tangu miaka ya 1990 bado wapo na wanakumbuka nani alivunja sharti gani.