Huru, Huria na Bure: Kiswahili katika Mfumo Endeshi wa Kompyuta

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni na matatizo yaliyotokea hesabu za Wizara ya Fedha zilipohamishiwa kwenye mashine. Miaka 30 baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu na maelezo kwa Kiswahili. Historia iliyo baina ya miaka hiyo miwili wanaisimu wameiachia mafundi, ilhali sehemu yake kubwa ni historia ya istilahi.

Asili ya jambo lenyewe iko mbali. Mnamo 1983 Richard Stallman, Mmarekani, alitangaza mradi wa GNU, wenye shabaha ya kuunda mfumo endeshi ambao kila mtumiaji angeruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Leseni yake ya jumla ilitoka 1989. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichopewa jina la Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Tangu mwanzo Stallman alilazimika kueleza kila mara kwamba neno alilolitumia lilihusu uhuru, wala si bei. Kiingereza kina neno moja kwa maana zote mbili.

Mswahili hana haja ya maelezo hayo. Kitu huru ni kimoja na kitu cha bure ni kingine, tena bure ina kivuli cha hasara: kazi bure ni kazi isiyozaa. Lakini istilahi iliyoenea ni ya tatu, yaani programu huria. Neno huria lilikuwa limekwisha kuzoeleka katika soko huria, na tangu 1992 katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Maana yake ni kile kisichomfungia mtu mlango. Hapana shaka chaguo hilo ni zuri, ingawa ujirani wake na soko huria ungewashangaza wale walioanzisha vuguvugu hilo.

Mradi wa Kilinux uliunganisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46. Leseni ya programu iliwaruhusu kuanza bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka huo huo wa 2004 kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza kwamba ingetoa Windows na Office kwa Kiswahili. Hivyo lugha moja ikawa na karakana mbili za istilahi. Katika ya kwanza, mwanaisimu asiyeridhika na neno aliweza kulifungua faili lenye neno hilo na kulibadili. Katika ya pili hana budi kumngojea mwenye mali.

Maneno mengi hayakuleta shida. Dirisha, kipanya, hariri, bandika na hifadhi yalikwisha kuwamo katika lugha au yaliundwa kwa urahisi. Mvutano wa kompyuta na tarakilishi, neno lililopendwa zaidi katika vitabu vya shule vya Kenya, haujaisha hata leo, na yamkini hauna madhara makubwa. Ugumu wa kweli ulikuwa katika sarufi. Ujumbe wa kompyuta huandikwa kama fremu yenye pengo: kitu fulani kimefutwa. Fundi aliyeitunga fremu kwa Kiingereza hujaza pengo kwa nomino yoyote, na kitenzi hakibadiliki. Katika Kiswahili picha imefutwa, kabrasha limefutwa, kiungo kimefutwa. Faili nalo huyumba: wengine husema faili limefutwa, wengine imefutwa. Zana ya kutafsiria iitwayo gettext, iliyo sehemu ya GNU, huuliza lugha ina maumbo mangapi ya umoja na wingi. Kiswahili hujibu mawili. Haiulizi ngeli. Mfasiri hubaki na njia mbili: kukwepa upatanisho kwa sentensi iliyopooza, au kumwendea mtunzi wa programu na kudai kwamba fremu moja igawanywe kuwa sentensi kadhaa kamili. Njia ya pili inawezekana pale tu ambapo msimbo uko wazi, na hapo ndipo huria inapokuwa haja ya sarufi.

Ama kuhusu msemaji ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, mfano ni Rapsu, upande wa Garbatulla katika Isiolo. Huko lugha ya nyumbani ni Kiborana, tawi la Kioromo. Kiswahili na Kiingereza mtoto huvisoma shuleni. Anayeweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani, aghalabu mashine kuukuu ambayo Windows mpya haiikubali, hunakili mfumo kwenye flashi, huwasha mashine kutoka hapo, huujaribu bila kugusa diski, kisha huhifadhi mafaili yake pembeni kabla ya kuusimika. Tangu usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, sababu ya kufanya hivyo imeongezeka. Katika kuchagua lugha na nchi, maktaba ya GNU ina sw_KE kwa Kiswahili cha Kenya, na pia om_KE, yaani Kioromo cha Kenya. Akiichagua hiyo, Januari huandikwa Amajjii. Menyu nyingi zitabaki kwa Kiingereza, lakini kalenda itasema lugha ya nyumbani.

Pengine mfumo atakaouweka ni Ubuntu, uliotolewa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina ni la lugha za Kinguni, na shina lake -ntu ndilo -tu la Kiswahili: ubuntu ni utu.

Jambo OpenOffice haikudumu. Programu hubadilika kila toleo, maelfu ya sentensi mpya huongezwa, na tafsiri iliyokamilika mwaka huu huwa na mapengo mwaka ujao. Mradi wenye fedha za muda mfupi hauwezi kulimudu hilo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili yenyewe iliunganishwa na Idara ya Kiswahili mwaka 2009 kuwa TATAKI. Mafaili ya tafsiri za programu huria bado yako wazi kwa yeyote, na swali la ngeli katika gettext halijajibiwa.