Kitanda Hakizai Haramu: Nasaba na Kauli ya Baba katika Mwambao wa Waswahili

Methali isemayo kwamba kitanda hakizai haramu huchukuliwa na wengi kuwa mzaha wa kuwafariji waume. Maana yake, hata hivyo, inalingana barabara na kanuni ya fiqhi. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ni wa firashi, yaani wa tandiko halali. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mtoto aliyezaliwa kuanzia miezi 6 baada ya ndoa hunasibishwa na mume. Na muda wa juu kabisa wa mimba huhesabiwa kuwa miaka 4, ilhali Wahanafi huishia miaka 2. Mume anayemkana mtoto hana budi kula kiapo cha liani mbele ya kadhi. Shaka tupu haimvui mtoto nasaba.

Firashi haikuwa ya mke peke yake. Suria, yaani mjakazi aliyechukuliwa na bwana wake kwa unyumba, naye alizaa watoto halali. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria, kwa mujibu wa kumbukumbu za binti yake Salme zilizochapishwa mwaka 1886. Miongoni mwao alikuwamo Barghash, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, na ambaye alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888.

Hata hivyo, palikuwa na tofauti nzito. Firashi ya mke huthibitishwa na ndoa yenyewe. Ya suria ilihitaji bwana akiri kwamba alimwingilia. Akikiri, mtoto alikuwa huru na mrithi sawa na nduguze, na mama hakuweza kuuzwa tena, akawa huru bwana afapo. Akikana, mtoto yuleyule alibaki mtumwa, mali ya mzazi wake. Amri ya Zanzibar ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa iliwaweka kando masuria. Waliingizwa katika amri ya 1909.

Leo Kiswahili kimelichukua neno lilelile, nasaba, na kuunda vinasaba, istilahi iliyoingia hata katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2009. Kilichokuwa hukumu ya kitanda na kauli kimepewa jina la damu. Lakini maabara hueleza nani alizaa tu. Nani ni baba, fiqhi bado hukiuliza kitanda.