Mdomo Ukifunga, Nani Aseme?

Juma hili nawarudisha Kashasha, wilayani Muleba. Mwaka 1988 mama mmoja mtu mzima aliuza shamba la ukoo, alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali, kwa shilingi 300,000. Sababu yake ilikuwa moja: anazeeka na hana wa kumtunza. Mpwa wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kuwa mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua hukumu hiyo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akakata shauri: ubaguzi huo unapingana na Katiba.

Kesi hiyo, Ephrahim dhidi ya Pastory, husomwa kama kesi ya ardhi na haki za wanawake, na ndivyo ilivyo. Lakini mimi naiona pia kuwa habari ya mtu aliyepanga mapema nani atamtazama nguvu zikiisha, na ukoo ukataka kumpangia.

Jambo hili la kusema mapema si geni kwetu. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 ilitambua wosia wa mdomo, mradi msemaji awe na akili timamu, na mashahidi wasipungue wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Hao watu baki ndio hekima yenyewe. Wazee walijua kwamba jamaa wanaozunguka kitanda wengine macho yao yako kwenye kibanja.

Ila wosia ule ulihusu mali na warithi. Haukusema nani atamjibu daktari wakati mgonjwa bado anapumua lakini hawezi kutamka neno. Tulilijua pengo hilo kwa uchungu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walipatikana Kagera, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata vijana wengi walirudishwa kutoka mijini wakiwa hoi. Mmoja katika jamaa anataka hospitali, mwingine mganga, wa tatu anasema mwacheni afie kwao. Mwenye mwili hakuulizwa alipokuwa na sauti.

Leo dawa za kufubaza virusi zipo, lakini kiharusi, saratani na ajali hazijatuacha, na ubishi wa kitandani ni ule ule. Mara nyingi hushinda mwenye pesa ya matibabu.

Mimi ningeazima ile kanuni ya 1963. Waite wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mtaje atakayekusemea, sema matibabu usiyoyataka, sema unataka kuuguzwa wapi, kisha yaandikwe. Haitakuwa hukumu ya mahakama, lakini daktari atajua amgeukie nani. Na karatasi hiyo usiifungie sandukuni pamoja na wosia wa shamba, kwani sanduku lile hufunguliwa baada ya matanga.